Je, Lada ni Fiat iliyobandikwa nembo tu?

SWALI: Baba yangu alisoma uhandisi Moscow miaka ya 70, na hadi leo anasema Lada si chochote ila Fiat ya Waitaliano iliyobandikwa nembo. Rafiki yangu fundi gereji anambishia, anasema lile ni gari la Kirusi mwanzo mwisho. Mimi nimesoma kwamba Fiat ilikuwa na breki za diski magurudumu yote manne, Warusi wakazing'oa za nyuma wakaweka dramu. Huko si kurudi nyuma? Na kama gari lilikuwa zuri kiasi cha kununuliwa, kwa nini walilitengeneza miaka 40 karibu bila kulibadili? — Msomaji, Tanga

JIBU: Kwanza mfikishie mzee shikamoo yangu. Kwa upande wa umbo, yeye ndiye mwenye haki. VAZ-2101, yaani Lada ya kwanza kabisa (VAZ ni kifupi cha Kirusi cha jina la kiwanda kilichoitengeneza), ilitokana na Fiat 124, na haikuigwa kwa kificho; ilinunuliwa kwa mkataba uliosainiwa mchana kweupe. Lakini ukifungua boneti, au ukilala chini ya gari ukatazama ekseli ya nyuma, rafiki yako naye ana hoja. Mimi nadhani wote wawili wanagombania sehemu ndogo ya biashara yenyewe. Walichokwenda kununua Wasovieti hakikuwa gari hasa. Kilikuwa kiwanda. Gari lilikuja ndani yake, na maswali yako yote yanarudi hapo.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Katikati ya miaka ya 60, raia wa kawaida wa Umoja wa Kisovieti aliyetaka gari alikuwa na njia chache. Volga GAZ-21 ilikuwa kubwa na ghali, nyingi zikiendeshwa na maofisa na madereva wa teksi. Zaporozhets ilikuwa ndogo mno kwa familia. Katikati palikuwa na Moskvitch, gari zuri kuliko sifa linazopewa, ila kiwanda chake kilikuwa ndani ya jiji la Moscow na hakikuweza kutoa idadi iliyotakiwa. Aleksei Kosygin, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1964, aliona kwamba kupanua viwanda vilivyopo hakutatosha. Kununua ujuzi nje nako halikuwa jambo la aibu kwao. Kiwanda cha magari cha mji wa Gorky kilizaliwa kutokana na mkataba na Ford wa mwaka 1929, na Moskvitch ya kwanza baada ya vita ilikuwa Opel Kadett ya Ujerumani kwa mifupa yake yote.

Fiat ilikuwa na mambo mawili mkononi. La kwanza ni Vittorio Valletta, mkuu wake mwenye umri wa zaidi ya miaka 80, aliyejua kuzungumza na serikali. La pili ni gari jipya. Watu husahau hili: Fiat 124 iliingia sokoni mwaka 1966, mwaka uleule wa mkataba, na ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1967. Kwa hiyo Wasovieti hawakuuziwa mabaki. Makubaliano ya awali yaliandikwa Turin, nyumbani kwa Fiat, mwezi Mei 1966, mkataba mkuu ukasainiwa Moscow mwezi Agosti, na mkopo kutoka Italia ukagharimia sehemu ya mashine.

Gari lenyewe lilikuwa sanduku lenye akili. Milango minne, watu watano, buti la maana, injini mbele na nguvu kwenda magurudumu ya nyuma, springi za koili pande zote badala ya mafurushi ya vyuma bapa, na breki za diski kila gurudumu. Lilikuwa jepesi, na bodi yake ilikuwa rahisi kukandamizwa kwenye mashine kwa sababu haina mikunjo ya madoido. Kwa barabara za lami za Italia halikuwa na dosari kubwa.

Basi likapelekwa Dmitrov. Huko, kaskazini ya Moscow, taasisi ya utafiti wa magari ya Kisovieti, NAMI, ina uwanja wa majaribio wenye barabara za mawe ya kupangwa, vumbi, matope na, msimu ukifika, barafu. Magari ya Waitaliano yalizungushwa juu ya mawe yale, na bodi zikaanza kupasuka kwenye maungio. Wahandisi wa Fiat walikuja kujionea. Kilichofuata ni kazi ya miaka mitatu hivi ya kulisanifu gari upya kipande kwa kipande, pande mbili zikifanya kazi pamoja, na mabadiliko yaliyofanywa yanahesabiwa kuwa zaidi ya 800.

Hapo ndipo breki zako zilipobadilishwa. Elewa breki ya diski inavyokaa: sahani ya chuma iko wazi, na pedi mbili zinaibana kutoka pande zote mbili. Uwazi huo ni faida, kwa sababu joto linatoka haraka. Lakini gurudumu la mbele linarusha matope na mchanga moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma, na mchanga ukiingia kati ya pedi na sahani unasaga vyote viwili. Kwenye barabara za majaribio pedi za nyuma ziliisha mapema mno, mapema kiasi kwamba mwenye gari wa kijijini angekuwa anabadilisha pedi mara nyingi kuliko oili. Dramu imefungwa. Mchanga hauingii kirahisi, na breki ya mkono inaunganishwa nayo bila taabu.

Je, walipoteza uwezo wa kusimama? Kidogo sana. Ukikanyaga breki, uzito wa gari unahamia mbele, na diski za mbele ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi. Hizo Warusi walizibakiza. Simama Ngamiani, hapo kwenu Tanga, saa moja tu uchungulie magurudumu ya nyuma ya magari madogo ya Kijapani yanayopita. Mengi yana dramu mpaka leo, na hakuna anayeyaita ya kizamani. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hawakurudi nyuma. Walichagua breki inayofaa barabara waliyokuwa nayo, na mimi ningefanya vilevile.

Ekseli ya nyuma iliguswa zaidi. Fiat 124 za mwanzo zilikuwa na bomba fupi linaloifunika sehemu ya propela (mhimili unaopeleka nguvu nyuma) na kusaidia kuishika ekseli isijipinde. Kwenye VAZ mpangilio huo uliachwa. Ekseli ikashikwa kwa fito tano: nne zikielekea mbele na moja ikikatiza kutoka upande hadi upande. Gari likainuliwa hadi sentimita 17 kutoka ardhini, springi na shokapu zikabadilishwa, sehemu za bodi zilizopasuka zikaongezewa chuma. Vyote hivyo vina uzito. Mwisho wa hesabu VAZ-2101 ilikuwa na kilo 955, karibu kilo 100 zaidi ya ndugu yake wa Turin, na ukiziendesha zote mbili mfululizo utaisikia tofauti hiyo kwenye kona kabla hujaisikia kwenye mwendo.

Sasa injini, na hapa rafiki yako fundi atafurahi. Fiat 124 ilikuwa na injini ya cc 1197 ambayo kamshafti yake (mhimili unaofungua valvu, yaani milango ya hewa na moshi) imekaa chini kwenye bloku, ikisukuma valvu kwa fimbo ndefu. Ilikuwa injini nzuri, lakini muundo wake ulikuwa unazeeka. Wasovieti waliikataa. Usisahau kwamba wakati huo Moskvitch 412, iliyoanza 1967, ilikuwa tayari na kamshafti juu ya kichwa cha injini. Wangeelezaje kwamba gari jipya la kisasa kutoka ng'ambo lina injini ya kizamani kuliko Moskvitch? Vladimir Solovyev, mbunifu mkuu wa VAZ, na wenzake walishikilia kamshafti iwe juu, na Waitaliano wakakubali kutengeneza injini hiyo.

Linganisha vipimo. Fiat: kipenyo cha silinda milimita 73, mwendo wa pistoni milimita 71.5. VAZ: kipenyo 76, mwendo 66. Ujazo ni karibu uleule, cc 1198, lakini pistoni inasafiri masafa mafupi kila mzunguko, kwa hiyo injini inapenda kuzungushwa na haichoki haraka kwenye safari ndefu. Kamshafti inazungushwa kwa cheni, kichwa ni cha alumini, bloku ni chuma cha kumimina. Kwa vipimo vya leo nguvu yake ni karibu farasi 60, na spidi ya juu kilomita 140 kwa saa. Kabureta yake, chombo cha kuchanganya petroli na hewa, ilikuwa ya Weber, iliyotengenezwa kwa leseni huko Dimitrovgrad.

Uzuri wake hasa hauonekani kwenye injini ya kwanza. Bloku iliachiwa nafasi ya kukua. Ukipanua silinda kutoka 76 hadi 79 na kuacha mwendo wa pistoni kama ulivyo, unapata cc 1294, injini ya VAZ-21011. Ukirudi kwenye 76 lakini ukirefusha mwendo hadi 80, unapata cc 1452, injini ya VAZ-2103 ya mwaka 1972. Ukichukua 79 na 80 kwa pamoja, unapata cc 1569, injini ya VAZ-2106 iliyotoka 1976. Vipenyo viwili, miendo miwili, injini nne, na spea nyingi zinaingiliana. Mwalimu wa ufundi akitaka mfano wa kuwaonyesha wanafunzi maana ya kusanifu huku ukifikiria kesho, hatapata ulio safi kuliko huu.

Haikukosa ugonjwa. Kamshafti za miaka ya mwanzo zilikuwa zikilika upesi, na valvu zisiporekebishwa injini inagonga kama cherehani. Nafasi ya valvu ni milimita 0.15 injini ikiwa baridi, na mafundi wenye mkono wa pupa huibana zaidi wakidhani wanaondoa kelele, wanaunguza valvu. Cheni nayo hurefuka, inabidi kuilegezea nati ya kikazio, kuzungusha injini kidogo, kisha kukaza tena. Kazi ya dakika chache kwa anayejua, ndiyo maana wengi hawaifanyi.

Mambo madogo yanaeleza zaidi kuliko yale makubwa kuhusu nani alitarajiwa kulimiliki gari hili. Waliongeza tundu kwenye bampa la mbele la kuingizia hendeli, ili asubuhi yenye barafu, betri ikiwa imelala, uwashe injini kwa mkono. Pampu ya petroli ikawekewa kijiti cha kupigia mafuta kwa kidole kabla ya kuwasha. Klachi ikaongezwa ukubwa, hita ikapewa nguvu ya kustahimili baridi, kulabu za kuvutia gari zikafungwa kwa sababu kukwama kwenye matope halikuwa jambo la kushangaza. Vitasa vya milango, ambavyo kwenye Fiat vilichomoza nje, vikazamishwa ndani ya bodi ili visimkwaruze mtu anayegongwa kwa ubavu. Kama mzee ana picha za enzi zake Moscow zenye gari la aina hiyo, mwambie atazame vitasa kwanza. Vikiwa vimezama, hiyo si Fiat.

Nimesema walinunua kiwanda. Kilijengwa Togliatti, kando ya Volga, kuanzia 1967. Wengi hudhani mji uliitwa jina la Kiitaliano ili kuwafurahisha Fiat, lakini mji huo, zamani Stavropol-juu-ya-Volga, ulipewa jina hilo mwaka 1964 baada ya kiongozi wa Wakomunisti wa Italia, Palmiro Togliatti, kufariki Yalta. Mji wa kale wenyewe ulikuwa umekwisha kufunikwa na maji ya bwawa la umeme miaka ya 50. Palikuwa na umeme mwingi, reli, mto na ardhi tupu ya kutosha, na kwa kiwanda hiki ardhi ilikuwa jambo zito. Kilipangwa kutoa magari 660,000 kwa mwaka, na karibu kila kitu kikitengenezwa humohumo: kuyeyusha chuma, kufua, kukandamiza bodi, injini, giaboksi, difu, hadi kuunganisha. Mashine zilitoka Italia, Ujerumani, Ufaransa, hata Marekani, katikati ya Vita Baridi. Wafanyakazi wa Kisovieti walipelekwa Turin kujifunza, na wataalamu wa Kiitaliano wakahamia ukingoni mwa Volga. Aliyeisimamia shughuli yote ni Viktor Polyakov, mkurugenzi mkuu, ambaye baadaye alikuwa waziri wa sekta hiyo.

Magari sita ya kwanza yaliunganishwa tarehe 19 Aprili 1970, siku tatu kabla ya sherehe za miaka 100 ya kuzaliwa Lenin. Hilo halikutokea kwa bahati. Uzalishaji wa maana ulishika kasi mwaka uliofuata, na mwishoni mwa 1973 gari la milioni moja lilikwisha kutoka. Fikiria: nchi iliyokuwa haina magari ya familia ya kutosha, miaka mitatu na miezi kadhaa, milioni moja. Bei ilikuwa rubli 5,500 wakati wastani wa mshahara ulikuwa rubli 122 kwa mwezi, na bado foleni ya kununua ilikuwa ya miaka. VAZ ilifanya jambo jingine lililokuwa geni huko: ilijenga mtandao wake wa vituo vya matengenezo. Kabla ya hapo mwenye gari alikuwa fundi wa lazima.

Na sasa miaka 40. Fiat yenyewe iliacha kutengeneza 124 ya milango minne mwaka 1974. Iliendelea kuishi kwa wengine: Hispania kama SEAT, Uturuki kama Murat, India kama Premier 118NE. Togliatti ndiko ilikodumu kuliko kote. Sababu haikuwa upungufu wa wabunifu. Mapema miaka ya 70 kulikuwa tayari na gari dogo la majaribio, 3E1101, lenye kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Halikufika kwenye mstari wa uzalishaji. Ofisi hiyohiyo ilitoa Niva mwaka 1977, gari la nguvu za magurudumu manne lenye bodi isiyohitaji chasisi, na kwa maoni yangu hicho ndicho kitu bora zaidi kilichowahi kubuniwa Togliatti, bora kuliko Lada zote za familia.

Tatizo ni kwamba kiwanda cha aina ile ni kama hakibadiliki. Mashine ya kukandamiza bodi, mstari wa kutoboa bloku, vyote vimefungwa kwa ajili ya umbo moja na kipimo kimoja. Kuvibadili unahitaji kusimamisha uzalishaji na kutoa fedha nyingi mara moja. Meneja wa Turin angelazimika, kwa sababu mteja angeenda kwa Renault. Meneja wa Togliatti alikuwa na mpango wa serikali wa kutimiza idadi, na foleni ya wanunuzi mlangoni isiyoisha. Kila siku ya mstari kusimama ilikuwa hasara kwake, na gari jipya halikumwongezea mteja hata mmoja. Basi wakabadilisha kile ambacho mashine ziliruhusu: taa nne za mbele na nikeli kwenye 2103, injini kubwa na ndani kuzuri kwenye 2106, taa za pembe nne kwenye 2105, grili ya kujionyesha kwenye 2107 ya mwaka 1982. Chini ya nguo hizo mwili ni uleule. Walipopata hatimaye gari jipya kweli, VAZ-2108 ya 1984 iliyosanifiwa kwa msaada wa Porsche, lilikaa pembeni ya lile la zamani badala ya kulirithi. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, 2107 ilibaki kuwa gari jipya la bei ndogo ambalo mtu wa kipato cha chini angeweza kulinunua, na ikaendelea hadi 2012. Familia nzima inakadiriwa kupita magari milioni 17.

Jirani yetu wa karibu aliyelielewa gari hili vizuri ni Ethiopia. Teksi za Lada za buluu na nyeupe za Addis Ababa zilipanda vilima vya mji ule ulioko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari kwa miongo kadhaa, na mafundi wa huko wamefufua injini ambazo Togliatti yenyewe ingezitupa. Miaka ya karibuni zimekuwa zikiondolewa kidogo kidogo. Kama rafiki yako ana hamu ya kuishika moja kwa mikono yake, akifika Addis aulize kwanza namba ya injini: 2101, 21011, 2103 au 2106. Ikiwa imekwisha kuchanganywa spea za zote nne, na mara nyingi imechanganywa, asishangae. Vipimo vyake viliruhusu hivyo tangu mwanzo.